Shajara ya utafiti wa mwani: kutoka mada hadi nakala ya mwisho

Ninaiandika shajara hii kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaotakiwa kuandika ripoti ya utafiti na ambao, kama nilivyokuwa mimi, wamesoma vitabu vya mbinu za utafiti bila kukuta mahali panapoeleza mambo yanavyokwenda kombo na jinsi ya kuyanyoosha. Mradi wangu ni ripoti ya shahada ya kwanza kuhusu wakulima wa mwani katika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja. Jina la kijiji na majina ya watu siyataji, kwa kuwa ndivyo nilivyowaahidi. Nitaongeza sehemu kila hatua itakapokamilika, pamoja na fedha zilizotumika.

14 Novemba 2024: Mada imekataliwa mara mbili

Mada niliyoipeleka kwanza ilikuwa "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa wanawake wa Zanzibar". Msimamizi wangu aliisoma, akaniuliza swali moja tu: "Ukimaliza, utajuaje kwamba umelijibu swali lako?" Sikuwa na la kusema. Baada ya wiki moja nikarudi na "Changamoto za wakulima wa mwani Unguja", nikidhani nimepunguza, kumbe nimepunguza eneo peke yake, na lile neno "changamoto" limebaki kuwa kapu la kila kitu: bei, joto la maji, mikopo, wanunuzi, migongo inayouma. Nayo ikakataliwa.

Kilichonitoa hapo ni kuacha kutafuta mada na kuanza kutafuta jambo moja ambalo sikulielewa. Inafahamika kwamba kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989 katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu (yaani vipande vya mwani vya kupandwa) zilizotoka Ufilipino, na kwamba aina mbili ndizo zinazolimwa zaidi: spinosamu, ambayo ni stahimilivu lakini bei yake ni ndogo, na kotoni, ambayo bei yake ni kubwa zaidi lakini haivumilii maji yakipata joto. Inafahamika pia kwamba kotoni imeacha kustawi katika mashamba mengi ya kina kifupi. Mimi sikuelewa jinsi mkulima mmoja, akiwa amesimama ndani ya maji na mbegu mkononi, anavyoamua apande nini, wapi na lini. Basi swali likawa hili: wakulima wa kijiji kimoja wanaamuaje wapi na lini pa kupanda mbegu, baada ya kotoni kuacha kustawi karibu na ufukwe?

Njia niliyoitumia kupima swali, ambayo naipendekeza kwa yeyote aliyekwama, ni kuandika chini yake jibu la kubuni la sentensi mbili, hata kama si la kweli. Chini ya mada yangu ya kwanza sikuweza kubuni jibu lolote lisilojaza ukurasa mzima. Chini ya swali hili niliandika: "Wanaamua kwa kutazama mashamba ya jirani. Wenye boti huhamia kina kirefu, wasio na boti hubaki na spinosamu." Jibu hilo lilikuja kuonekana kuwa na kasoro kubwa, lakini liliniambia ninahitaji kuuliza nini na kuwauliza nani.

Gharama hadi sasa: hakuna, isipokuwa wiki tatu.

11 Desemba 2024: Maandiko, na marejeleo yasiyokuwapo

Nimesoma makala 23 na ripoti nne. Nyingi nimezipata kupitia African Journals Online, hasa zile za jarida la sayansi za bahari la Magharibi mwa Bahari ya Hindi, na nyingine katika maktaba. Kazi yenyewe haina la kusimulia sana. Makosa matatu ndiyo yanayostahili nafasi.

La kwanza ni majina. Wiki nzima nilikuwa nikitafuta kwa jina Kappaphycus alvarezii, ambalo ndilo jina la kitaalamu la kotoni, nikashangaa kuona maandiko ya zamani ni machache mno. Sababu ni kwamba zamani mmea huo uliitwa Eucheuma cottonii, na spinosamu, ambayo leo ni Eucheuma denticulatum, iliitwa Eucheuma spinosum. Majina ya biashara yamebaki na yale ya kale huku wanasayansi wakiwa wameshahama. Nilipotafuta kwa majina yote manne, milango ikafunguka. Kila somo lina jambo la namna hii, iwe ni jina la wilaya lililobadilika au istilahi iliyobadilishwa, kwa hiyo kabla ya kuandika kwamba jambo fulani halijatafitiwa, hakikisha umelitafuta kwa majina yake yote.

La pili ni kurudia sentensi za watu bila kuzikagua. Nilikuwa nimeandika kwamba mwani "ulianza Zanzibar mwaka 1989", kwa kuwa nilikuwa nimeikuta sentensi ya aina hiyo katika makala tatu. Kilichoanza mwaka huo ni kilimo cha biashara. Mwani wa kuokotwa ulikuwa ukiuzwa nje kabla ya hapo, na majaribio ya kitaalamu ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yalitangulia kilimo hicho. Zile makala tatu zilikuwa zikinukuu chanzo kimoja, kila moja ikikifupisha zaidi ya iliyotangulia. Tangu siku hiyo, kila tarakimu ninayotaka kuitumia naifuatilia hadi kwa mtu aliyeihesabu mwenyewe, na nisipomfikia siitumii.

La tatu linanisikitisha kulieleza, lakini najua wenzangu wengi wanalifanya. Niliiomba programu ya akili mnemba inipatie marejeleo kuhusu joto la bahari na mwani. Ilinipa matano, yakiwa na majina ya waandishi, mwaka, jarida na kurasa. Nilipoyatafuta moja baada ya jingine, mawili yalikuwepo na matatu hayakuwahi kuandikwa na mtu yeyote. Moja kati ya hayo matatu lilikuwa na jina la mtafiti wa kweli wa mwani, na kama ningeliingiza katika ripoti ningekuwa nimemsingizia kazi ambayo hakuifanya. Nimeamua kwamba rejeleo haliingii katika orodha yangu mpaka niwe nimeifungua makala yenyewe na kusoma angalau muhtasari, mbinu na matokeo yake.

Kwa kila andiko najaza mstari mmoja wenye sehemu tano: nani na lini, aliuliza nini, alifanya wapi na kwa njia gani, alipata nini, na mimi nina shaka gani. Sehemu ya tano ndiyo iliyozaa mapitio ya maandiko, kwani pengo la utafiti lilijitokeza lenyewe katika zile shaka nilizoziandika. Marejeleo nayahifadhi katika Zotero, programu ya kutunza marejeleo ambayo haina malipo.

Gharama: bando la intaneti, sh. 30,000.

16 Januari 2025: Pendekezo limepita, sampuli haikupita

Katika pendekezo niliandika, kama wanavyoandika wengi, kwamba nitatumia fomula ya Taro Yamane ya mwaka 1967: idadi ya watu wote igawanywe kwa moja jumlisha idadi hiyo ikizidishwa na kosa linalokubalika lililozidishwa lenyewe kwa lenyewe. Orodha ya sheha, yaani kiongozi wa serikali wa eneo hilo, ilikuwa na wakulima 240. Kwa kosa la asilimia 5, jibu linakuwa 240 kugawanya kwa 1.6, yaani watu 150. Tarakimu ilipendeza. Nikaiandika bila kujiuliza maana yake.

Msimamizi alinitaka nipige hesabu ya pili. Mahojiano ya aina niliyoyataka huchukua dakika 40 au zaidi, kwa hiyo kwa siku nisingeweza kumaliza zaidi ya watano. Watu 150 ni siku 30 za kijijini, na kila siku nauli ya kwenda na kurudi ni sh. 5,000 kabla ya chakula. Zaidi ya hayo, fomula ile inafaa kwa anayetaka kukadiria kiwango, kwa mfano ni asilimia ngapi ya wakulima wanaolima kotoni, na walioulizwa wawe wamechaguliwa kwa bahati nasibu. Swali langu lilikuwa la "wanaamuaje", ambalo halijibiwi kwa asilimia.

Nikabadilisha. Nitawahoji watu 24 waliochaguliwa kwa makusudi: wanane walioanza kulima kabla ya mwaka 2000, wanane walioanza baadaye, na wanane walioacha kabisa. Nimeandika waziwazi kwamba matokeo hayawezi kutangazwa kuwa ya kijiji kizima. Nilikuwa nikiogopa kwamba kukiri hivyo kutaidhoofisha ripoti, na kinyume chake jopo la pendekezo lilikipokea kipengele hicho bila swali, likatumia muda mwingi kuwauliza wenzangu waliokuwa na sampuli za mamia walizipataje.

Gharama: kuprinti nakala tatu za kurasa 20, sh. 12,000. Kutoa fotokopi za dodoso, nakala 20 za kurasa sita, sh. 12,000. Bajeti niliyoiandika kwenye pendekezo ni sh. 220,000 kwa mradi mzima.

30 Januari 2025: Siku ya kwanza, nyumba zimefungwa

Nilifika kijijini saa 4 asubuhi nikiwa na barua ya chuo, madodoso 20 na kalamu tatu. Mlango wa kwanza ulikuwa na kufuli, na wa pili hali kadhalika. Katika nyumba ya tatu alikuwepo mzee mmoja wa kiume akisuka kamba. Nilimwamkia, akaniitikia, kisha akaninyooshea kidole baharini bila kusema neno. Maji yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba, na wanawake wote niliokuja kuwahoji walikuwa huko mbali, wameinama, wakionekana kama nukta za rangi juu ya mchanga unaong'aa.

Ilikuwa siku ya bamvua, yaani siku za mwezi mpya au mwezi mpevu ambapo bahari hukupwa na kujaa sana. Mwezi mpya ulikuwa umeingia jana yake. Kwetu Unguja maji ya bamvua hukupwa kabisa kwenye saa 4 asubuhi, na hizo ndizo saa ambazo mkulima wa mwani anaweza kulifikia shamba lake. Mimi, niliyezaliwa kisiwa hikihiki, nilikuwa nimepanga ratiba kwa kalenda ya chuo, nikatazama siku zisizo na vipindi na nisitazame mwezi. Niliwafuata shambani nikajaribu kumhoji mama mmoja aliyekuwa akifunga mbegu kwenye kamba. Alinijibu maswali mawili kwa upole, kisha akaniambia: "Mwanangu, wewe una siku nyingi. Mimi nina mpaka maji yarudi." Nikafunga daftari. Alikuwa na haki kabisa, na nilijisikia vibaya kwa zile dakika nilizomchukulia.

Sheha naye alinipokea vizuri lakini akaniomba barua iliyopitia wilayani, kwa sababu niliyokuwa nayo ilielekezwa moja kwa moja kwake. Nimeifuatilia na kuipata baada ya siku tano.

Marekebisho: nimechukua jedwali la maji kupwa na kujaa na kuigawa kazi upya. Siku za bamvua nitatazama shambani, nikisaidia kubeba na bila kuuliza maswali marefu. Siku za maji mafu, yaani za nusu mwezi ambapo bahari haikupwi sana na kina mama wako nyumbani wakisuka kamba, wakikata taitai (vikamba vya kufungia mbegu) na kuanika, ndizo za mahojiano. Kwa maji mafu ya siku nne tu katika kila wiki mbili, wale watu 150 wa fomula wangenichukua wiki 15. Kila kazi ina bamvua yake: mvuvi, mwalimu, dereva wa daladala, muuza mboga wa sokoni. Uliza watu unaotaka kuwahoji wana nafasi lini kabla hujajipangia ratiba.

Gharama: nauli na chakula, sh. 8,000.

9 Februari 2025: Mahojiano tisa, na dodoso limeachwa

Nimekaa siku nne za maji mafu na kuwahoji watu tisa. Dodoso nililitumia kwa watu watatu wa mwanzo, kisha nikaliweka kando, na yale madodoso 17 yaliyobaki ni hasara.

Swali la 11 lilisema: "Je, mwani wako umewahi kupata ugonjwa?" Wote watatu walijibu hapana. Sikuamini, kwa kuwa maandiko yote niliyoyasoma yanaeleza ugonjwa wa matawi kugeuka meupe na kukatika. Kwa wa nne niliuliza: "Mwani ukifa, unakufaje?" Hapo yule bibi akainuka, akaenda uani, akarudi na tawi moja la mwani lililokuwa limeanikwa pamoja na mengine. Lilikuwa la zambarau iliyopauka, lakini katikati, kwa urefu wa kidole gumba, limekuwa jeupe kama uzi wa kanga mpya. Akalikunja kidogo, likakatika palepale penye weupe. "Hivi," akasema. "Maji yakiwa ya moto hufa hivi. Si maradhi, ni joto." Kwake yeye maradhi ni kitu kinachoambukiza na kinachotibika, na hili halikuwa na sifa hizo. Jibu la "hapana" lilikuwa sahihi. Swali langu ndilo lililokuwa limevaa nguo za darasani. Niliwarudia wale watatu na kuwauliza upya.

Swali la mapato nalo lilianguka. Niliuliza wanapata kiasi gani kwa mwaka, na hakuna mkulima niliyemkuta anayehesabu kwa mwaka. Wanahesabu kwa bamvua na kwa mauzo. Sasa nauliza: "Mara ya mwisho ulipouza, ulipeleka kilo ngapi, na ulilipwa ngapi?" Tukio moja lililo karibu hukumbukwa vizuri, na mtu halazimiki kubuni wastani ili kumridhisha mgeni.

Kosa la tatu ni la kifaa. Nilirekodi kwa simu, na rekodi mbili zimeharibiwa na upepo wa kaskazi kiasi kwamba hakuna neno linalosikika. Niliyookoa ni yale niliyoyaandika daftarini. Sasa nakaa nyuma ya ukuta au ndani, nafanya jaribio la nusu dakika na kulisikiliza kabla ya kuanza, na jioni ileile naandika ukurasa mmoja wa kumbukumbu hata kama nimechoka.

Gharama: nauli na chakula cha siku nne, sh. 32,000.

16 Februari 2025: Kilo za mbichi na kilo za kavu

Nilipoweka majibu ya mauzo katika jedwali, mkulima mmoja alionekana anavuna karibu mara nane ya jirani yake mwenye kamba sawasawa na zake. Nilikaa usiku kucha nikitafuta maelezo, na nikaanza hata kuandika aya kuhusu tofauti ya bidii. Namshukuru Mungu sikuipeleka. Mmoja alikuwa amenitajia kilo za mwani mbichi na mwingine za mwani mkavu, na watu wengine wawili walikuwa wametaja kwa viroba.

Nilinunua mzani mdogo wa kuning'iniza. Siku ya bamvua nilipima kilo 10 za spinosamu mbichi kwa ruhusa ya mwenyewe, tukazianika kwenye jua kali kwa siku tatu, zikabaki kilo moja na robo. Kipimo kimoja hakitoshi kuwa kanuni, na katika ripoti sikukitumia kugeuzia tarakimu za watu. Nimekitumia kujionyesha ukubwa wa kosa lililokuwa likinijia. Niliwarudia wote tisa kuuliza "mbichi au kavu?" Wawili walicheka, wakaniambia walidhani najua. Mwenye kutafiti mahindi atakutana na debe na gunia, na mwenye kutafiti maziwa atakutana na kidumu na chupa, kwa hiyo kipimo kiulizwe mwanzoni.

Gharama: nauli na chakula cha siku tatu sh. 24,000, mzani sh. 15,000.

23 Februari 2025

Mahojiano 11 zaidi, bila tatizo kubwa. Jumla ni 20. Gharama: sh. 32,000.

27 Machi 2025: Kunukuu, na "maji makali"

Mwezi wa Ramadhani sikwenda kijijini, kwani kumkalisha mtu aliyefunga saa nzima kwa maswali si uungwana. Niliutumia kunukuu rekodi. Dakika 45 za mazungumzo zilinichukua saa nne kuziandika neno kwa neno, na mahojiano 18 yenye rekodi yalimaliza takribani saa 70. Anayepanga muda wake aihesabu kazi hii mapema, maana hakuna kitabu changu cha mbinu kilichoipa zaidi ya sentensi moja.

Kwa kuwa ripoti yetu huandikwa kwa Kiingereza, niliona ni busara kutafsiri moja kwa moja wakati wa kunukuu, ili nisifanye kazi mara mbili. Nilitafsiri mahojiano sita kwa njia hiyo, kisha nikaanza kuyapanga kwa maudhui, na chini ya "mkondo wa maji" nikapata watu watano. Jambo moja halikukaa sawa: mmoja wao alikuwa na shamba mahali ambapo nilikuwa nimesimama mwenyewe na maji hayakuwa yakienda popote. Nikarudi kwenye sauti. Alikuwa amesema "maji makali". Nikawasikiliza wote watano. Wawili walimaanisha maji yanayokwenda kwa nguvu na kung'oa vijiti, wawili walimaanisha joto, na mmoja, kwa jinsi alivyoendelea kueleza kuhusu ngozi ya mikono, alikuwa akisema juu ya chumvi na muwasho. Tafsiri yangu ilikuwa imeyafanya mambo matatu kuwa moja, na ningekuwa sijayasikia tena yangeingia katika matokeo.

Nimeitupa ile tafsiri. Sasa naandika kwa Kiswahili kilekile kilichosemwa, naainisha maudhui kwa Kiswahili, na nitatafsiri tu nukuu zitakazoingia katika ripoti, huku maneno ya asili yakiwa pembeni yake. Nawasihi wenzangu wanaoandika kwa lugha ambayo hawakuitumia kuhoji wasiione hatua hii kuwa ya kupoteza muda.

Gharama: vipokea sauti vya masikioni, sh. 7,000.

22 Aprili 2025

Mahojiano manne ya mwisho, ya walioacha kulima, yamefanyika siku za maji mafu katikati ya mvua za masika, na sasa watu 24 wametimia. Wawili wa mwisho hawakuniambia jambo lolote ambalo sikuwa nimelisikia, na hiyo ilinituliza. Gharama za siku tatu: sh. 24,000.

24 Mei 2025: Siku 11 kwenye utangulizi, na flashi

Nilianza kuandika kwa utangulizi, kwa kuwa ndio unaokaa mbele. Siku 11 zikapita na nilikuwa na kurasa mbili nilizozifuta mara nne. Msimamizi akaniambia niache, nianze na sura ya mbinu, ambayo ni kueleza tu nilichokifanya, kisha matokeo, kisha mjadala, na utangulizi uje mwisho nitakapojua ninautangulizia nini. Sura ya mbinu nikaimaliza kwa siku tatu, na shajara hii ndiyo iliyonisaidia, kwani tarehe na sababu za kila badiliko zilikuwa zimeshaandikwa.

Rasimu ya matokeo ilirudi ikiwa na maneno mawili ya kalamu nyekundu pembeni, yamerudiwa mahali 14: "Umejuaje?" Nilikuwa nimeandika sentensi kama "wakulima wamekata tamaa" na "wanunuzi wanawanyonya". Kila mahali palipokuwa na maneno hayo nilitakiwa kuchagua moja kati ya mambo matatu: kuweka nukuu ya mtu aliyesema, kuweka nilichokiona kwa macho, au kuifuta sentensi. Nilifuta saba. Zile saba zilikuwa hasira zangu mimi, na ijapokuwa bado ninazo, hazikuwa matokeo ya utafiti.

Tarehe 21 nilipeleka faili kwenye steshenari kwa flashi. Iliporudi, faili ilikuwa imeharibiwa na virusi na nakala niliyobaki nayo nyumbani ilikuwa ya siku sita nyuma. Kurasa tisa za mjadala zimepotea, nikaziandika upya kwa siku tatu. Sasa kila jioni najitumia faili kwa barua pepe ikiwa na tarehe katika jina lake, na steshenari napeleka PDF peke yake, ambayo pia haivurugi majedwali.

13 Juni 2025: Kuwasilisha

Programu ya chuo ya kukagua mfanano ilionyesha asilimia 31. Nilishtuka, kwani sikuwa nimenakili kwa makusudi. Karibu zote zilikuwa katika mapitio ya maandiko, mahali ambapo nilikuwa nimechukua sentensi ya mtu na kubadilisha maneno matatu au manne huku muundo wake ukibaki vilevile. Kubadilisha maneno mengine mawili kungeipunguza asilimia bila kuondoa kosa. Nilifunga makala zote, nikaandika kila aya kutokana na daftari langu la mistari yenye sehemu tano, kisha nikazifungua kuhakiki tu. Ikashuka hadi 12, na iliyobaki ni orodha ya marejeleo na majina ya kitaalamu.

Gharama: kurasa 64 kwa nakala nne, sh. 51,200. Kubaindi kwa muda, sh. 20,000.

4 Julai 2025: Kutetea

Dakika 15 za kueleza na 20 za maswali. Swali gumu lilikuwa kwa nini sikutumia fomula ya sampuli, na jibu lilikuwa limeshaandikwa tangu Januari. Masahihisho ni madogo: jedwali moja, na kueleza bamvua kwa msomaji asiyeijua bahari. Gharama: kurasa 66 kwa nakala tatu sh. 39,600, jalada gumu sh. 45,000. Kitabu kitafungwa baada ya tarehe 25.

19 Julai 2025: Kijijini tena

Niliandika muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, nikatoa nakala 30, na leo, siku ya maji mafu, nimeusoma mbele ya kina mama 17 barazani kwa mmoja wao. Walisikiliza wakiwa wanasuka. Nilipofika mahali panaposema kwamba waliobaki katika kina kifupi wamebaki kwa kukosa boti na kamba za kutosha, yule bibi aliyenionyesha lile tawi akainua mkono.

"Kamba tunazo," akasema. "Na boti ya kikundi ipo. Hatujui kuogelea."

Wengine wakaitikia. Mmoja akaongeza kwamba alikwenda mara mbili kwenye kina kirefu, maji yakamfika kifuani, akarudi na hataki tena.

Nimerudi nyumbani jioni na kufungua nukuu zote 24. Jambo hilo la kutojua kuogelea limo, kwa watu wanne. Nilikuwa nimeliweka chini ya "hofu ya bahari" pamoja na mawimbi na samaki wakali, kisha nikaliacha nje ya matokeo kwa sababu niliona watu wanne ni wachache, mimi niliyeandika katika sura ya mbinu kwamba sihesabu asilimia. Jibu la kubuni nililoliandika Novemba, lile la wenye boti na wasio na boti, lilikuwa limeniongoza macho muda wote.

Nimempigia msimamizi, naye amekubali niongeze kifungu kimoja katika sura ya nne na kurekebisha aya mbili za mjadala, kwa kuwa kitabu bado hakijafungwa. Ukurasa wa 41 hadi 44 utaprintiwa upya Jumatatu, na yule bibi atapata nakala yake katika bamvua inayokuja, baada ya maji kurudi.

Gharama za leo: nauli sh. 5,000, fotokopi sh. 6,000. Jumla ya mradi hadi leo ni sh. 362,800, dhidi ya bajeti ya sh. 220,000. Ziada yote imetokana na kuprinti na kubaindi, ambavyo sikuviweka kabisa katika bajeti ya pendekezo.